Tazama mkuku kwanza: kitabu cha kufundishia wageni Kiswahili

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha wageni Kiswahili hapa Bagamoyo. Sina chuo, nakaa nao barazani kwangu. Kwa sasa ninao wanne: binti kutoka Norwei anayejifunza ngoma, mzee wa Kijerumani na mkewe wanaojenga nyumba, na kijana wa Kimalawi anayefanya biashara. Nina vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha zamani, kinene, sarufi na mazoezi tu, picha hakina hata moja. Cha pili ni kipya, kina rangi na sauti za kusikiliza, mada zake ni uwanja wa ndege, hoteli na safari ya mbugani. Cha tatu ni kitabu cha kiada cha kidato cha kwanza. Mwenzangu kanishauri nikitumie kwa kuwa Kiswahili chake ndicho sanifu. Nichague kipi? Au niviache vyote niandike changu?"

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu, na hongera kwa hilo baraza.

Usiandike chako. Si mwaka huu. Niliwahi kujaribu, Ramadhani moja, nikajaza kurasa arobaini kwa mkono nikajiona nimemaliza kazi. Kufika somo la tatu nilikuwa nimeshatumia "alizaliwa", "ameolewa" na "imejengwa", kauli ya kutendwa mara tatu ndani ya aya moja, na wala sikuziona. Aliyeziona ni mwanafunzi. Sisi tuliokulia ndani ya lugha hatuoni vizingiti vyake, tunavivuka usingizini. Mtunzi wa kitabu kizuri amekaa miaka akivihesabu vizingiti hivyo kimoja kimoja. Tumia hesabu yake kwanza, yako itakuja.

Sasa kipi? Kile kinene kisicho na picha. Najua si jibu ulilotaka, maana kile cha rangi ndicho wanafunzi wanachokinyooshea mkono wakikiona mezani.

Shuka ufukweni pale mafundi wanapounda vyombo, karibu na soko la samaki. Hakuna fundi anayeanza na tanga. Anaulaza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, anasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, ndipo mbao zinafuata. Tanga likichanika wanalishona jioni moja chini ya mti wa mkungu. Mkuku ukiwa umepinda, chombo hakishiki njia hata ukipake rangi gani. Kitabu cha kufundishia lugha nacho kina mkuku wake: ni mpangilio. Kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na neno lililofundishwa leo linarudi lini. Mazungumzo, picha, bei za vitu, majina ya wahusika, yote hayo ni tanga. Mwalimu anayebadilisha matanga ni mwalimu wa kawaida kabisa, tunafanya hivyo kila wiki. Kuunyoosha mkuku wa mtu mwingine ni kazi ya kukutoa jasho, na mara nyingi unaishia kubaki na vipande.

Lakini usiniamini mimi, vipime mwenyewe. Chukua penseli na vitabu viwili vya kwanza. Fungua somo la tatu la kila kimoja, andika maneno kumi mapya yaliyomo, halafu yawinde katika somo la tano, la saba, la tisa. Siku moja nilikifanyia hivyo kitabu kimoja chenye jalada la kupendeza sana, nikakuta maneno saba kati ya kumi hayakurudi tena mpaka mwisho. Yalitajwa mara moja, yakaachwa kama abiria walioshushwa njiani. Mwanafunzi hawezi kulishika neno aliloliona mara moja, na wewe ndiye utakayelaumiwa kwamba hufundishi.

Kisha tafuta -ki- inaingia somo la ngapi. Ninasema -ki- ya "ukifika", "ukivuka", "akija". Hiki ni kipimo changu cha siri. Kwa Kiswahili huwezi kumwelekeza mtu njia bila hiyo: nenda moja kwa moja, ukifika sokoni pinda kushoto, ukiona msikiti uliza hapo. Kitabu kinachofundisha kuelekeza njia katika somo la sita na -ki- katika somo la ishirini kimetungwa kwa kufuata lugha nyingine, halafu kikavalishwa kanzu ya Kiswahili. Fanya vivyo hivyo kwa "ushakula?" na "bado". Hakuna siku inayopita Bagamoyo bila mtu kuulizwa ushakula, ushafika, washaondoka, na jibu ni neno moja tu, bado. Vitabu vingi vinaihifadhi -mesha- na -ja- kama vyombo vya wageni kabatini. Ukikuta kitabu kinachoyaleta hayo mapema, mtunzi wake amekaa na watu.

Hesabu nyingine inayosaidia ni ya maneno mapya katika ukurasa. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti kuhusu wasomaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, wakaona kwamba msomaji anahitaji kujua maneno kama 98 katika kila 100 ili aielewe habari bila kusaidiwa. Maana yake habari ya maneno 200 isiwe na mageni zaidi ya manne. Kipimo kizuri, ila kwetu kinadanganya kidogo. "Hawakutuambia" ni neno moja ukihesabu kwa nafasi zilizoachwa, lakini mwanafunzi anabeba ha-, wa-, -ku-, -tu-, -ambi- na -a kwa mpigo. Kama -ku- ya ukanushi ameiona jana tu, neno hilo moja ni zito kuliko manne mapya ya vitu vya jikoni. Kwa hiyo unapopima habari, pigia mstari maneno mageni, halafu pigia mstari tena viambishi ambavyo mwanafunzi hajavizoea. Mistari ikijaa, habari hiyo iahirishe hata kama ni tamu.

Vile vialama vya A1, A2, B1 kwenye majalada visikubabaishe. Ngazi hizo za ujuzi wa lugha zilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ni sita mpaka C2, na zinaeleza anachoweza kufanya mtu, si kilichomo kitabuni. Mchapishaji yeyote anaweza kuzibandika.

Haya, tuseme umekishika kile kinene. Taabu zake unazijua: kimekauka. Na vitabu vya ukoo huo vina historia. Vitabu vya mwanzo vya kumfundisha mgeni Kiswahili viliandikwa kwa ajili ya wamisionari, na baadaye maofisa na walowezi. Cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, kilitoka mwaka 1870. Walowezi walitaka lugha ya kuagizia watu kazi, ndiyo maana katika vitabu vingi vya zamani amri ziko kurasa za mbele kabisa: lete, fagia, funga mlango, haraka. Watunzi waliofuata wakaona aibu, wakaweka "tafadhali" mbele ya kila amri. Matokeo yake ni mgeni anayeingia mgahawani na kusema "Tafadhali lete chai" akidhani amekuwa mpole. Sisi tunasema "Naomba chai". Basi. Upole wetu uko kwenye kuomba, uko kwenye "nisaidie", uko kwenye salamu ndefu kabla ya shida kutajwa. "Tafadhali" tunaiachia mabango na matangazo ya ofisi.

Nikuonyeshe kwa karibu. Haya ni mazungumzo ya aina inayopatikana katika vitabu hivyo:

— Tafadhali, samaki huyu ni bei gani?
— Samaki huyu ni shilingi mia tano.
— Vizuri. Tafadhali nipe samaki wawili.
— Asante, bwana.

Sarufi haina kosa hata moja, na hakuna mtu aliyewahi kuyasema hayo. Tatizo si shilingi mia tano. Bei unaifuta kwa kalamu ukaendelea. Tatizo ni kwamba hakuna biashara hapo, watu wawili wanasomeana sentensi. Sasa mimi niliketi sokoni asubuhi moja na daftari, nikarudi na hili:

— Karibu mama.
— Ahsante. Vibua fungu shilingi ngapi?
— Elfu tano.
— Mh! Nipunguzie.
— Lete nne na nusu.
— Nne.
— Haya, chukua. Nikuongezee na huyu mdogo. Nikuparie?
— Hapana, nitapara mwenyewe.

Hesabu mwenyewe: nipunguzie, nikuongezee, nikuparie. Kauli ya kutendea mara tatu katika mistari minane. Kitabu chako kinene huenda kinaifikia kauli hiyo katikati ya safari, na kinafanya vyema kuichelewesha, kwa sababu kuichambua ni kazi: mara -ia, mara -ea, mara -lia. Sasa utafanyaje somo la nne ukitaka soko la kweli? Usiichambue. Mpe mwanafunzi "nipunguzie" kama kipande kizima, vile unavyompa mtoto "shikamoo" bila kumweleza asili yake. Aipige mdomoni, aende nayo sokoni, ifanye kazi. Somo la ishirini na mbili likifika, akakutana na -ia na -ea kwenye jedwali, atakwambia, kumbe! Tayari anayo mifano mitatu kichwani, na jedwali linakuja kupanga anachokijua. Mkuku haukuguswa. Umebadilisha tanga tu.

Kosa ninaloliona kwa walimu wengi hapa ni kulikamata hilo "nipunguzie" na kulifundisha lote siku hiyo hiyo, na "niletee", na "nipikie", na "tuandikie", kwa furaha ya kujua. Jizuie.

Kurekebisha kitabu kuna kuongeza, kuna kubadilisha, na kuna kutoa. Kuongeza kila mtu anaweza, tena tunazidisha. Mwalimu anaongeza mpaka somo la saa moja linachukua wiki. Kutoa ndiko kunakouma. Toa jedwali la ngeli zote linalowekwa mwanzoni kama ukuta wa boma. Acha wapate M-/WA- na KI-/VI- kwanza, wazitumie, nyingine zije na vitu vyake. Toa orodha ya wanyama wa mbugani kama hakuna anayekwenda mbugani. Kwa wale wazee wako wanaojenga, weka saruji, kokoto, mchanga, tofali, na "fundi hajaja". Hiyo ya mwisho wataitumia kuliko zote. Kwa binti wa ngoma, weka rudia, polepole, mkono wa kushoto, tuanze tena. Hayo anayasikia kila siku, hayahitaji picha.

Ila usitoe mazoezi ya upatanisho, hata yale ya kuchekesha. "Vikombe vya mpishi vimevunjika" ibadilishwe iwe umoja, iwe wingi, ikanushwe, iulizwe. Najua siku hizi mazoezi ya namna hii yanadharauliwa, yanaitwa ya kikasuku. Mimi nayatetea. Upatanisho wa ngeli ni kazi ya ulimi kabla haijawa ya akili, na ulimi unafunzwa kwa kurudiarudia, kama mkono wa mpiga ngoma. Dakika kumi kila siku, kwa sauti, vitabu vimefungwa. Zikizidi kumi wanasinzia.

Kitabu cha pili usikitupe. Kina kitu ambacho cha kwanza hakina, sauti, na kwa hilo tu kinastahili nafasi. Wasikilize mazungumzo yake kwanza bila kuyasoma. Lakini utaona wasomaji wake wanatamka "nitakuja" kwa ukamilifu wa redio, wakati jirani yako anasema "ntakuja", na "nishafika" yake inasikika "nshafika". Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na sanifu ndiyo unayopaswa kufundisha mwanafunzi aandike na aseme. Kusikia ni jambo jingine. Asikie vyote viwili. Chukua simu yako, mwombe bibi wa jirani akueleze alivyopika leo, sekunde arobaini zinatosha, mwambie wazi utaitumia darasani. Usimwombe aseme polepole. Andika neno kwa neno alichosema, na "nsha" zake zote, uwape karatasi baada ya kusikiliza mara tatu. Karatasi hizo zikifika kumi, tayari una sura ya kitabu chako, ile uliyotaka kuiandika leo.

Maadamu tumefika kwenye karatasi: kuchapa nakala ya kitabu kizima cha mtu na kuwauzia wanafunzi usifanye. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na watunzi wa vitabu vya Kiswahili kwa wageni si matajiri. Kufuata mpangilio wa kitabu ukiwa na habari na mazungumzo uliyoandika mwenyewe ni mambo mengine kabisa, na ni kazi halali ya mwalimu.

Cha tatu, cha kidato cha kwanza. Mwenzako hakukosea aliposema Kiswahili chake ni sanifu, ila kimeandikwa kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kukijua Kiswahili tangu nyumbani, au aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote. Kinamfundisha nomino ni nini, methali zina kazi gani, barua rasmi inaandikwaje. Hakimfundishi kusema. Mkeo wa Kijerumani, nisamehe, mke wa mzee wa Kijerumani, atakipenda kwa kuwa kinafanana na vitabu vya shuleni kwake, na baada ya mwezi atajua kueleza kihisishi ni nini huku hawezi kununua nyanya. Kiweke kando kama kitabu cha ziada. Ufahamu wake utafaa mwaka wa pili. Na huna haja ya kukinunua kingine. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba yao ya mtandaoni.

Jambo moja katika kitabu chochote utakachochagua litahitaji kuletwa mapema: saa. Wiki ya kwanza, siku ya pili ikiwezekana. Niliwahi kumwambia mgeni tukutane saa nne. Nilimsubiri asubuhi na chai mezani. Alikuja saa kumi jioni, ambayo kwa hesabu ya kwao ndiyo saa nne, amevaa vizuri, akashangaa kuniona nimenuna.

Nimemwacha yule kijana wa Malawi mwisho kwa sababu yeye ndiye atakayekisumbua kitabu chako. Vitabu vyako viwili vya kwanza vimemchukulia mwanafunzi kuwa Mzungu anayeshangaa kwamba kitu wingi wake ni vitu. Yeye kwao anasema chinthu na zinthu, munthu na anthu. Ukimpitisha masomo kumi ya ngeli pamoja na wenzake utampoteza kwa uchovu. Mruke. Mpe orodha ya tofauti tu, amalize kwa siku tatu, kisha mtangulize kwenye habari fupi na kauli za vitenzi, ambazo nazo kwake si ngeni. Wengine watatu wamwone akisoma, haitawadhuru.

Atakwama mahali ambapo kitabu hakikupatilia mkazo, kwa kuwa Wazungu hawakwami hapo kwa namna yake. Kwa Kichewa, lugha ya kwao, samaki ni nsomba, na samaki huyu ni nsomba iyi, upatanisho wa ngeli yake kama kitu kingine chochote. Kwetu mnyama yeyote anavutwa kwenye A-/WA-, upatanisho wa ngeli ile ile ya M-/WA-, hata akiwa amelala juu ya meza ya muuzaji na macho yake yamekodoka. Kijana huyo atasema "samaki hii" kwa ufasaha wote, bila kusitasita, na kwa kuwa anasema vizuri hivyo huenda ukapitiwa usimsikie. Mtungie zoezi lake peke yake: samaki, kuku, mbuzi, ng'ombe, ndege, nyuki, kila mmoja na huyu na hawa. Muuzaji hatamsahihisha. Atamwelewa, atampimia vibua vyake, atachukua hela.